Usimsubirishe mtoto kiziwi

Dada, umesema mwanao wa miaka miwili amepimwa na hasikii, na mawifi zako wanadai lugha ya alama itamfanya asijifunze kutamka. Usisubiri hata mwezi kumwanzishia alama.

Watafiti wa Taasisi ya Salk, California, waliwachunguza viziwi waliopata kiharusi. Walioumia upande wa kushoto wa ubongo walipoteza alama, kama wasemaji wanavyopoteza maneno. Kwa ubongo, alama ni lugha kamili.

Shule ya viziwi ilipofunguliwa Managua, Nikaragua, mwaka 1977, watoto hawakuwa na lugha ya alama ya pamoja. Wakaiunda wenyewe, wakicheza na kupanda basi. Na hapa nakusihi usome mara mbili: walioingia wakiwa wadogo ndio waliokuwa na sarufi tajiri zaidi. Waliochelewa walibaki nyuma yao, hata baada ya miaka mingi.

Watafute viziwi watu wazima mtaani kwenu, muwatembelee kila wiki. Baba yake ajifunze, bibi pia. Kifaa cha kusikia kikipatikana mvalishe, hakigombani na alama. Leo anzeni na alama za "maji", "njoo", "mama".