Ndio, mwananchi ana sauti kuhusu ua la Mbololo

Umeuliza kama mwananchi wa kawaida ana lolote la kusema wakati mpango wa kuokoa ile vayoleti ya Taita (hilo ua la porini la kilima cha Mbololo, huko Taita, Kenya) unaandikwa, ama ni kazi ya maprofesa na KWS (shirika la serikali la wanyamapori) pekee. Una haki kabisa! Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inataka serikali ihimize wananchi kushiriki kulinda mazingira, so usingoje kubembelezwa, andika maoni yako hata kama ni ukurasa mmoja, upeleke, ubaki na kopi imepigwa muhuri.

Kitu naombea sana ni mikutano isifanywe tu kwa mahoteli ya Nairobi na kwa Kizungu, iwe baraza hukohuko, kwa Kiswahili na Kitaita, juu hilo ua porini linamea kilima cha Mbololo peke yake, kwa mawe yenye kivuli na unyevu chini ya miti, miti ikikatwa jua linaingia, mwamba unakauka, ua nalo linaisha, na anayejua ni mwamba gani umeanza kukauka ni mama anayeokota kuni hapo, si sisi wa huku.

Na ukipiga picha tafadhali usiposti mahali kamili, watu wasije wakaling'oa.