Babu Aliniambia Niende Shule

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni "Shule zifanye nini ili vijana wajue historia na mila za jamii zao za asili?" Nimelisoma mara tatu na kila mara limenichoma. Sitaanza na shule. Kwangu la kwanza ni hili: mila hizo ziko mikononi mwa nani, na mwenyewe ameulizwa?

Mimi ni Mgiriama wa upande wa Kaloleni, pwani ya Kenya. Tulipokuwa shule ya msingi, mtoto aliyeteleza ulimi akasema Kigiriama alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Shule hizohizo leo zinaambiwa na mtaala wa umilisi ziwafundishe watoto wa madarasa ya chini kwa lugha ya mama. Ndiyo maana nilipoanza kuandika nilikuwa na sentensi moja tu: jambo hili waachiwe wazee. UNESCO ilipoitia misitu ya kaya za Mijikenda, yaani makao ya kale ya sisi Wagiriama na ndugu zetu wa pwani, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, iliikuta bado imesimama kwa sababu ya miiko ya wazee. Hakuna darasa lililoitunza.

Lakini kuna asubuhi moja ya mwaka 1984 ambayo hainiachi.

Kiangazi kilikuwa kibaya mwaka ule, mahindi yamekauka yakiwa hayajafika kiunoni, nami nilikuwa darasa la nne. Nyuma ya nyumba ya babu, chini ya mkwaju, vilisimama vigango viwili, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, na kando yake koma, nguzo fupifupi za watu wengine wa ukoo. Sisi watoto tulijua neno moja tu: hapo hapachezewi. Ukipita na mbuzi, unawazungusha. Babu akiletewa mnazi mpya, pombe yetu ya mgema, kabla hajaonja alimimina kidogo pale, akisema maneno kwa sauti ya chini ambayo hatukuyasikia.

Nyanya ndiye aliyeona kwanza, alfajiri, akienda kuteka maji. Hakupiga ukemi. Alitua ndoo, akasimama. Tulipofika tulikuta mashimo mawili, udongo umemwagwa upande wa njia, na ukanda wa kitambaa chekundu umenasa kwenye mzizi. Babu akaja na fimbo yake. Akachuchumaa, akatia mkono katika shimo la kwanza mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Akaenda la pili, akatia tena. Kisha akaagiza mnazi, akaumimina wote, nusu huku, nusu kule. Nikamuuliza, "Babu, vilikuwa ni nini?" Akajibu bila kunitazama, "Nenda shule. Utachelewa."

Nikaenda. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa bara, Mkatoliki. Aliniona macho yamevimba, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Kigango cha babu kimeibwa." Akashtuka, akauliza kigango kipi, maana kwake kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia. Nikajaribu kueleza, nikashindwa. Nikasema ni ubao. Ubao wa nini? Sikuwa na neno la pili. Nilizaliwa hatua thelathini kutoka vilipokuwa vimesimama, na nilichoweza kumwambia mwalimu wangu ni kwamba ulikuwa ubao na watu hawaugusi. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Jumamosi mwalimu akaja kwetu, peke yake, na kibuyu cha mnazi alichonunua kwa mgema. Akaketi chini, akasema, "Mzee, mjukuu wako amenipa neno nisilolijua. Nimekuja unifundishe." Babu akamtazama kitambo. Halafu akaongea tangu adhuhuri mpaka mbuzi wakarudi. Alisema vigango vile vilikuwa vya baba yake na amu yake, watu wa Gohu, chama cha waliojaliwa mali na heshima. Kwamba huchongwa kwa mti mgumu usioliwa na mchwa, kichwa cha mviringo, kiwiliwili kimejaa nakshi za pembetatu. Kwamba kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Hata watu wakihama, kinabaki palepale mpaka kioze chenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikisikia habari za babu wa baba yangu zikisimuliwa kwa mgeni.

Nikifika hapa naona sentensi yangu ya mwanzo haisimami. Wazee waliachiwa jambo hili miaka yote, na babu yangu hakunieleza. Hakuwa na ubaya. Aliamini shule ndiyo yenye kesho yangu na haya yangenichelewesha. Na aliyeving'oa, tulikuja kujua baada ya miaka, alikuwa kijana aliyekuwa akila kwetu. Dalali alimpa pesa ya magunia mawili ya unga. Yeye pia alijua hapachezewi, basi. Katazo lisilo na maelezo halikuishinda njaa ya mwaka ule.

Vigango vingi vya namna hiyo viliishia Marekani. Viwili vilirudishwa kwa familia moja ya Kigiriama mwaka 2007, vikitoka makumbusho ya Illinois na ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vingine thelathini vya makumbusho ya Denver vilifika Kenya mwaka 2019. Vile vya 2007 vilitambulika kwa sababu mtafiti alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa navyo mwaka 1985. Vyetu havikuwa na picha, na waliovijua kwa macho wamekufa.

Basi jibu langu silo nililoanza nalo. Ndiyo, shule. Ila isiwe shule ya kukaririsha. Vitabu vina Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama, na upinzani wa 1913 dhidi ya Waingereza, vina Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ilivyolipuliwa na Waingereza mwaka 1914, na ni vyema viwe navyo. Lakini mtoto anaweza kupata alama zote za maswali hayo asijue babu wa baba yake aliitwa nani. Mtoto apewe kazi ya kwenda kuuliza nyumbani, naye mzee ajulishwe mapema kwamba ataulizwa. Yaliyo siri ya kaya yabaki ya kaya. Mzee akikataa kupigwa picha, akubaliwe, ingawa nimeeleza picha moja ilivyoisaidia familia nyingine, na hapo kusema kweli sijaamua. Na watoto wasichezeshwe ngoma za mazishi mbele ya wageni wa heshima. Hilo nalikataa kabisa.

Mkwaju wetu bado upo. Mashimo yamejaa mchanga, lakini ninajua yalipokuwa na ninajua majina mawili. Mwalimu anayetaka kuyasikia aje kwanza peke yake, siku ya Jumamosi, watoto wafuate baadaye.