Kuta za ngome ya Kumamoto: zilianguka kwa nini?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwashi hapa Kabale, najenga kuta za kuzuia udongo milimani. Kuta za ngome ya Kumamoto, Japani, hazina saruji na zimedumu miaka 400. Zangu za saruji zinatoa tumbo baada ya misimu michache ya mvua. Ilikuwaje zao zikaporomoka 2016, na mbona ukarabati utaendelea hadi 2052?
– Msomaji, Kabale

JIBU: Ndugu fundi, ngome hiyo ilikamilishwa 1607 na Kato Kiyomasa, mtawala wa eneo hilo, na mji ukakua kuizunguka. Mwaka 1632 ilipewa ukoo wa Hosokawa. Kuta zake huanza na mteremko wa taratibu chini, kisha husimama wima kadiri zinavyopanda, hata anayezikwea anakwama. Mwaka 1877 wapiganaji wa Saigo Takamori, kiongozi wa uasi wa samurai dhidi ya serikali, waliizingira kwa takriban siku 50 wasiiteke. Mnara mkuu ulikuwa umeungua siku chache kabla hawajafika. Wa leo ni wa zege, wa 1960.

Sasa kazi yenyewe. Nyuma ya mawe makubwa hakuna udongo moja kwa moja. Kuna tabaka nene la mawe madogo, na maji ya mvua hupenya humo yakashuka bila kuusukuma ukuta. Ndiyo siri ya miaka 400. Lakini ardhi ilipotikisika tarehe 14 na 16 Aprili 2016, mawe hayohayo madogo yalitikisika, yakashuka na kuyasukuma ya mbele. Takriban asilimia 30 ya kuta iliharibika, na sehemu nyingi zilizoanguka ndizo zilizoanguka pia katika tetemeko la 1889.

Pembe za ukuta ndizo imara zaidi. Mawe marefu hulazwa kwa kupishana: moja likilaza ubavu wake kulia, la juu yake hulaza kushoto. Kwenye mnara mdogo wa Iidamaru ukuta uliporomoka, ila safu moja ya mawe ya pembeni ikabaki imeubeba mnara juu yake. Tafuta picha ya pembe hiyo uitazame kwa makini, fundi.

Ukarabati unachelewa kwa sababu kila jiwe hupewa namba, hupigwa picha, kisha hulinganishwa na picha za zamani mpaka mahali pake papatikane. Mnara mkuu ulifunguliwa tena 2021. Kuta ndizo zinazokula miaka.

Kuhusu tumbo la kuta zako: mara nyingi ni maji yaliyofungiwa nyuma. Jaza kokoto nyuma ya ukuta, usirudishie udongo uliochimba, na acha matundu ya kutolea maji, ya chini kabisa yakiwa karibu na usawa wa ardhi.