Jibu: Kwa nini haibridi ya kuchaji haifikii lita 1.5 kwa kilomita 100

Mkuu, kwa haibridi ya kuchaji, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na betri unayoichaji kwa umeme, hiyo lita 1.5 ya kwenye makaratasi ya mtengenezaji inachukulia kwamba sehemu kubwa ya safari unatembelea umeme, na umeme wenyewe haumo kwenye hesabu. Pima hivi: jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita, kisha umeme usome kwenye mita ya ukutani, siyo dashibodi, maana kuchaji hupoteza kama asilimia 10 hadi 15. Ukijaza tena, zidisha lita za petroli kwa 8.9 upate kilowati-saa (kipimo cha nishati, ndiyo uniti ya umeme), ujumlishe na za umeme, kisha ugawanye kwa kilomita ulizotembea. Mfano, lita 3 na kilowati-saa 14 ni jumla ya karibu kilowati-saa 41. Halafu chunguza hita ya kupasha joto ndani ya gari: kwenye baadhi ya magari ukiiwasha injini inawaka, hata betri ikiwa imejaa.