Usimnunulie mama vidonge vya melanoma ya ngozi

Dada yangu wa Malindi, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama umnunulie mama dabrafenibu na trametinibu alivyoshauri shemeji yako aliye Ujerumani, maana melanoma (saratani ya seli za rangi) ya jicho lake lililotolewa imeonekana kwenye ini.

Usinunue. Dawa hizo mbili ni za saratani yenye hitilafu ya jeni ya BRAF, na hiyo huonekana sana kwenye melanoma ya ngozi. Kwenye melanoma ya jicho hitilafu kwa kawaida iko kwenye jeni za GNAQ au GNA11. BRAF ni nadra mno. Shemeji ana nia njema, ila amechanganya magonjwa.

Mchanganyiko unaojaribiwa kwa ugonjwa wa mama ni darovasetibu na krizotinibu. Ya kwanza huzuia PKC, protini inayowashwa na hitilafu ya GNAQ au GNA11. Ya pili huziba MET, protini nyingine inayosaidia seli kustawi kwenye ini. Atakayedai kukuuzia darovasetibu dukani ni tapeli.

Ipo pia tebentafuspu, dripu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, lakini ni kwa mwenye HLA-A*02:01 tu, aina moja ya alama za kinga ya mwili ambazo mtu huzaliwa nazo. Hilo hupimwa kwa damu.

Sasa nenda maabara iliyopima jicho, uombe kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta. Watu wetu hubeba ripoti kwenye bahasha wakakiacha, wakifika Mombasa wanarudishwa. Ukikipata, mwulize daktari wa saratani kama jeni zitapimwa, na kama vivimbe vya ini ni vichache kiasi cha kuweza kukatwa kwa upasuaji.