Maswali ya Wasomaji: Karatasi Chakavu Ndani ya Nguzo za Plastiki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha karakana ndogo hapa Tanga inayotengeneza nguzo za uzio kwa madumu na ndoo chakavu. Jirani yangu mwenye kiwanda cha uchapaji hunipa bure magunia ya vipande vya karatasi. Nilichanganya kilo 10 za karatasi hizo na kilo 30 za plastiki iliyosagwa, nikitumaini kupunguza gharama. Nguzo zilitoka na mapovu, zikawa za kahawia na zenye harufu ya moshi, na moja ilivunjika ilipodondoka kutoka kwenye toroli. Je, nimekosea, au jambo lenyewe haliwezekani?
Fundi, Tanga

JIBU: Ndugu fundi, jambo hilo linawezekana, na wapo waliowahi kuuza bidhaa zake. Kampuni ya UPM ya Finland imewahi kutengeneza mbao za sakafu za nje kwa masalio ya lebo za kubandika, ambayo ni karatasi na plastiki kwa pamoja. Kosa lako kubwa, kwa jinsi ulivyoeleza, ni maji.

Karatasi unayoiona kavu si kavu. Nyuzi zake hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani haina uchoyo wa unyevu. Tukikadiria kwamba karatasi yako ilikuwa na maji asilimia 7, basi katika zile kilo 10 uliingiza mashineni gramu 700 za maji, ambayo yakigeuka mvuke hujaza zaidi ya mita moja ya ujazo. Mvuke huo ndio uliokufanyia mapovu. Pima bakuli la chenga za karatasi kwenye mizani, likaushe katika joko la nyuzi joto 100 hivi, ulipime tena kila baada ya nusu saa, na usiache mpaka uzito ukome kupungua. Kisha zitumie zikiwa bado na moto, kwa maana zikilala wazi usiku kucha zitakuwa zimeyanywa maji yote upya.

Rangi ya kahawia na harufu ya moshi ni dalili za joto kupita kiasi. Plastiki ya madumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na ile ya ndoo, ikiwa ni polipropilini, kwenye nyuzi 165 hivi. Karatasi nayo huanza kuharibika joto linapovuka nyuzi 200. Nafasi uliyo nayo ni finyu, lakini inatosha: fanya kazi kwenye nyuzi 180, na usiache mchanganyiko ukae ndani ya mashine unapokwenda kula. Chupa za maji ya kunywa usiziingize kabisa, kwa sababu plastiki yake huyeyuka karibu na nyuzi 250, na kufikia hapo karatasi imekwisha kuungua.

Kuhusu nguzo iliyovunjika, chukua kipande chake ukitazame pale kilipokatikia. Ukiona mabonge meupe, karatasi haikusagwa vya kutosha. Kinu cha nyundo, kama kile cha kusagia chakula cha mifugo, kitaifanya iwe kama pamba. Ukiona nyuzi zimechomoza safi na kuacha vitundu upande wa pili, maana yake plastiki haikuzishika. Karatasi hupenda maji na plastiki huyakataa, hivyo hazishikani zenyewe. Wenye viwanda huongeza kiunganishi, yaani punje za plastiki iliyopandikizwa kemikali iitwayo anihidridi ya maleiki, kwa kiasi cha asilimia 2 au 3 ya mchanganyiko. Ni ghali, lakini bila hicho karatasi hukaa ndani ya plastiki kama mchanga tu. Hata ukikitumia, tarajia nguzo ngumu zaidi isiyopinda kirahisi, ila isiyovumilia kishindo kama plastiki tupu.

Ningekushauri uanze na karatasi asilimia 15, na bidhaa hizo uzifanye fito za uzio za kulazwa au mabenchi, si nguzo za kufukiwa ardhini, kwa kuwa sehemu iliyokatwa huacha nyuzi wazi zinazovuta maji. Mifuko ya saruji, ambayo wengi huisifu kwa nyuzi zake ndefu, mimi naiogopa: vumbi linalobaki ndani yake litakula skrubu inayosukuma plastiki ndani ya mashine yako.

SWALI: Kwa nini mtu ahangaike na karatasi wakati unga wa chokaa upo na haunyonyi maji?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu ya uzito. Sentimita moja ya ujazo ya kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo unga huo wa chokaa, ina gramu 2.7, ya nyuzi za karatasi gramu 1.5 hivi. Isitoshe, punje ya chokaa ni ya mviringo au ya pembe fupi, ilhali uzi wa karatasi ni mrefu na hubeba sehemu ya mzigo ukishikana vizuri na plastiki. Ila kwa mtu asiye na joko la kukaushia, chokaa ni chaguo la busara, na karatasi nyingi za ofisini tayari zinayo ndani yake.

SWALI: Je, mchanganyiko huo unafaa kwa sahani na vikombe?
Mama lishe, Dodoma

JIBU: Haufai, mama. Karatasi chakavu huja na wino, gundi na mafuta ya mitambo ya uchapaji, na chakula cha moto chenye mafuta huyavuta hayo kutoka kwenye chombo.