Kabla Hujasaini Mkataba wa Kwenda Penye Vita

Kila anayeniambia kwamba ameitwa kwenye usaili wa shirika la misaada, kwenye nchi yenye vita, namwomba aende na swali moja: dereva atakayenibeba ana bima gani? Wengi hushangaa. Walidhani nitawauliza kama wana moyo wa ujasiri.

Nina sababu. Mwaka 2024 waliuawa wafanyakazi wa misaada zaidi ya 300, wengi wao Gaza na Sudan, na kama ilivyo kila mwaka, karibu wote walikuwa wenyeji wa nchi hizo hizo: madereva, wauguzi, walinzi wa ghala, wakalimani. Mgeni akiondoshwa kwa ndege hali inapochafuka, wao hubaki. Kwa hiyo uliza bila aibu: siku ya kuondoka nani anapanda gari? Wanaobaki wanaachiwa mshahara wa miezi mingapi? Akifa mmoja wao, familia yake inalipwa nini, na baada ya muda gani? Shirika ambalo halijafikiria majibu hayo halijakufikiria wewe pia, hata kama kwenye mkataba wako mshahara ni mnono.

Kisha soma bima yako mwenyewe, mstari kwa mstari. Bima nyingi za kawaida za safari hazilipi madhara ya vita. Lazima iwepo ile inayotaja vita, na inayogharamia kukusafirisha hadi hospitali yenye uwezo. Dai mafunzo ya usalama kabla ya safari: namna ya kupita kwenye kizuizi cha barabarani, kuzuia damu isiendelee kuvuja, kukaa mikononi mwa watekaji. Watakuandikisha pia maswali ambayo wewe peke yako ndiye unayejua majibu yake, ili siku ukitekwa ijulikane kama u hai. Jaza fomu hiyo kwa makini. Nimeona watu wakiijaza kwa haraka kama karatasi ya posho, na inaniuma.

Utafundishwa misingi minne: ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande wowote na kujitegemea. Imo katika misingi ya Msalaba Mwekundu iliyotangazwa mwaka 1965, na Umoja wa Mataifa unaifuata pia. Darasani ni maneno mazuri. Kwenye kizuizi ni simu yako: picha gani zimo, ujumbe gani uliusambaza mwaka jana, bendera ya nani iko kwenye wasifu wako. Safisha vyote kabla ya kupanda ndege. Na ujue shirika lako linanyamaza wapi na linasema wapi, maana hayafanani. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hupendelea kuzungumza na wakubwa wa pande zote faraghani. Madaktari Wasio na Mipaka, lililoundwa mwaka 1971, huhesabu kusema hadharani walichokiona kuwa sehemu ya kazi yao. Ukiingia pale ambapo dhamiri yako haikai, utateseka.

Wala usidhani nembo ni ngao. Oktoba 2015 ndege ya kijeshi ya Marekani ilishambulia hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, ingawa shirika lilikuwa limekwisha kutoa mahali halisi ilipo. Watu 42 walikufa. Kinachokulinda zaidi ni watu wa eneo kukutambua na kuona faida ya wewe kuwepo, na hilo hujengwa na wale wenyeji wasio na bima.

Likizo ya mapumziko ichukue inapofika, kwa kawaida kila baada ya wiki 6 au 8. Anayejivunia kutokwenda huanza kukosea hesabu, kisha kuwafokea wakimbizi.

Sasa nikueleze kosa langu. Tulikuwa tunagawa unga na mafuta. Malori yalizuiliwa njiani, yakafika saa tisa alasiri. Mtunza ghala wetu, mwenyeji, mtu wa maneno machache, akaniambia tuahirishe hadi asubuhi. Mimi nilitazama foleni, nikaona watoto wameketi chini kwa njaa, nikasema tuendelee. Nilikuwa nimekariri vipimo vyote vya Sphere (mwongozo wa kimataifa wa viwango vya misaada), lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, lakini sikujua jua linazama saa ngapi wala njia ya kurudi kambini inapita wapi. Yeye alijua. Wa mwisho waliondoka gizani, na kwenye bonde wanawake kadhaa wakavamiwa, wakanyang'anywa kila kitu na kupigwa.

Asubuhi mama mmoja alirudi na kadi yake ya mgao. Ilikuwa imekwisha kutobolewa, na kwa kanuni zetu kadi iliyotobolewa haipewi tena. Nilimpa. Nikaandika jina langu kwenye daftari badala ya lake, kisha nikaenda kumwomba radhi mtunza ghala. Hakunilaumu, alianza kunichorea ardhini njia zote za kambi, na saa ambayo kila moja huwa hatari.

Tangu siku ile, mgao wowote niliousimamia ulifungwa saa nane mchana, hata pale malori yalipofika saa saba.